Kwenda Shamba kwa Baiskeli za Kale: Mwongozo Kamili wa Msafara wa Forodhani hadi Mangapwani

Unguja bado kuna baiskeli nyingi nyeusi zilizoegemezwa nyuma ya nyumba, tairi zimelala na kengele imeshika kutu. Kuna Raleigh ya Nottingham aliyoinunua babu, Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana kule India. Nyingi kati ya hizo hazijafa. Ziliachwa tu, pikipiki zilipoenea. Ukizipa wiki moja ya kazi ya mikono zinaamka, na mkipatikana watu wanane au kumi wenye nia moja, mnaweza kwenda nazo shamba, yaani nje ya mji, asubuhi na kurudi mjini kabla ya magharibi.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku moja: kutoka Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, kupitia Maruhubi, Mtoni, Bububu, kupanda Kidichi, kuteremka tena Bububu, kuendelea hadi Mangapwani, kisha kurudi. Kwa jumla ni kama kilomita 50. Hapana mashindano, hapana ada, hapana fulana za sare wala mgeni rasmi. Pana kanuni moja tu iliyo juu ya zote, nayo ni kwamba mwendo wa msafara ni mwendo wa baiskeli iliyo nzito kuliko zote. Karibu kila ninachokieleza hapa chini kimetokana na kanuni hiyo.

Nani aje, na baiskeli gani

Nane hadi 12 ndiyo idadi nzuri. Mkizidi hapo mnakuwa mkia mrefu barabarani, magari yanashindwa kuwapita na madereva wanaanza kupandwa na hasira. Mkipungua watano, baiskeli moja ikiharibika mikono ya kusaidia inakuwa michache.

Kwa baiskeli ya kale tunakusudia fremu ya chuma, magurudumu ya saizi 28, breki zinazovutwa kwa fito badala ya waya, na gia moja, au gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Watu huuliza kwa nini tusimruhusu mwenye baiskeli ya gia 21. Sababu ni ya mwendo. Huyo hatakuwa na nia mbaya, lakini mwinuko ukianza atawatoka wenzake bila ya kujua, na wa nyuma wataanza kujilazimisha kumfuata. Hapo ndipo magoti huumia na pini kulegea. Akiwa ni rafiki na hana baiskeli nyingine, mkaribisheni, ila abebe zana na akae nyuma kabisa.

Ukiazima baiskeli ya mzee, nenda mwenyewe ukamwombe, usimtume mtoto. Kaa naye barazani akueleze tabia zake: breki ipi inakamata kwanza, pedali ipi inapiga kelele, nani aliyeikarabati mara ya mwisho. Maelezo hayo ni mali. Na usiipake rangi mpya kwa kudhani unamfurahisha. Zile nembo na mistari ya dhahabu iliyofifia ndiyo kumbukumbu yake. Kama ni Raleigh, itazame gia kubwa ya mbele, nyingi zimekatwa kwa umbo la vichwa vya ndege wa shingo ndefu. Wapo waliozipanda miaka 30 bila kuwaona ndege hao.

Wiki moja kabla: kazi ya fundi

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika. Usitosheke na kusema "inatembea". Baiskeli ya kwenda dukani na kurudi inatembea ikiwa na kasoro tano, lakini kasoro hizo hizo kwenye mteremko wa Kidichi ni hatari. Nenda kwa fundi wa mtaani aliyezizoea, au ifanye mwenyewe, lakini usikose kuvipitia vitu hivi.

Anza na breki. Kwenye baiskeli hizi vipande vya mpira havibani ubavu wa rimu, vinavutwa juu vikasugua upande wa ndani, ule unaotazama kitovu. Kwa hiyo gurudumu likiyumba juu na chini, breki itakamata na kuachia, itakamata na kuachia. Kwanza nyosha gurudumu kwa kukaza na kulegeza spoku, halafu ndipo uirekebishe breki. Mpira usimame kama milimita mbili au tatu kutoka kwenye rimu. Fito zina maungio yenye nati, hapo ndipo unapofupisha au kurefusha. Ukimaliza, isukume baiskeli kwa mbio kidogo kisha ubane breki ya nyuma: gurudumu lazima lisimame na kuburuta. Ujue pia kwamba rimu ya chuma ikilowa, breki huwa kama haipo. Mvua ikiwakuta, baneni breki kidogo kidogo mapema ili mpira upanguse maji, wala msingoje mpaka mfike pa kusimama.

Kinachofuata ni pini za mikono ya pedali, na hapa naomba usome polepole. Kila mkono umeshikwa kwenye ekseli kwa pini moja ya chuma yenye upande mmoja bapa. Pini ikilegea utahisi "ko" ndogo mguuni kila unapokanyaga. Ukiipuuza, chuma kinakula chuma, tundu linapanuka, na baada ya hapo hata pini mpya haitashika. Shika mikono yote miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, uitikise kwa nguvu. Ikicheza, egemeza mkono wa pedali juu ya gogo au kipande cha bomba ili mshindo usizifikie gololi za ndani, gonga kichwa cha pini kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo ukaze nati. Wengi hukaza nati peke yake wakaridhika. Nati haivuti pini. Nyundo ndiyo inayoiingiza, nati inaizuia tu isirudi. Pini mbili ziwekwe kinyume: mikono ikilala sawa na ardhi, nati ya moja itazame juu na ya nyingine chini, la sivyo pedali hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Na pini mpya ikaguliwe tena baada ya kilomita 10 za mwanzo, kwa sababu hujikalia.

Mwenzetu mmoja alipuuza "ko" hiyo, na pini ya kushoto ikatoka katikati ya kilima cha Kidichi. Alikuwa anapanda, kwa hiyo alianguka taratibu na kuchubuka kiwiko tu. Tangu siku hiyo, baiskeli ambayo pini zake hazijakaguliwa na mtu wa pili haianzi safari nasi.

Tairi uzitazame ubavuni, siyo juu tu. Tairi iliyokaa miaka nyuma ya nyumba inaweza kuwa na kashata (ile mikato ya juu inayokanyaga barabara) nzima lakini ubavu umepasuka mistari mistari, na hiyo itafumuka kwenye joto la saa tano. Ndani, hakikisha ukanda unaofunika ncha za spoku upo. Kipande cha mpira wa zamani kilichokatwa kwa urefu kinatosha. Valvu za kizamani zina kipira chembamba kilichovishwa juu ya sindano, nacho huoza kimya kimya. Paka mate juu ya valvu, ukiona mapovu badilisha kipira. Ni kitu cha bei ndogo mno, na ndicho kinachoongoza kwa kuangusha misafara.

Gololi za vitovu, za usukani na za pedali zifunguliwe, zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe, zipakwe grisi mpya. Baadhi ya vitovu vya Kiingereza vina kitundu kidogo cha mafuta chenye kifuniko, hivyo vinataka matone machache ya oili ya injini. Usitie mafuta ya kupikia wala ya nazi popote, yataganda yakashika vumbi. Mnyororo uache ucheze kama sentimita moja juu na chini katikati yake. Kiti cha ngozi kilicholegea kina nati ya kukazia puani, izungushe nusu tu kwa siku. Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na desturi. Wapo walioharibu mkono mzima kwa kulisahau hilo.

Mfuko wa msafara

Zana ni za wote, zibebwe na mtu mmoja au wawili wenye keria madhubuti. Tunachukua spana za saizi zinazotumika kwenye baiskeli zetu (zijaribu nyumbani, kwa sababu Raleigh za zamani haziingiani na spana za milimita), nyundo ndogo, koleo, bisibisi, pampu mbili, mpira mzima wa saizi 28, viraka, solusheni (gundi ya viraka), msasa, vipira vya valvu, pini mbili za pedali, pingili ya kuungia mnyororo, waya laini na kamba ya mpira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu. Kamba hiyo hufunga kila kitu, kuanzia madigadi iliyokatika hadi kikapu cha madafu. Pampu ni mbili kwa sababu ya kwanza hugoma siku unayoihitaji.

Kila mtu achukue maji lita mbili, kofia, kitambaa cha kufutia jasho na fedha ndogo ndogo za kiingilio na chakula. Vaeni nguo za kufunika magoti. Mnapita mbele ya misikiti, vyuo na nyumba za watu, na mtu aliyevaa kwa heshima hupokewa kwa heshima. Suruali pana ifungwe kifundoni isiingie kwenye mnyororo. Anayevaa kanzu au buibui apande baiskeli yenye kikinga cha mnyororo na wavu wa gurudumu la nyuma.

Kuchagua siku, na upepo

Safari hii inakwenda kaskazini na kurudi kusini, basi upepo ndio mwenye neno. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma, takriban Aprili hadi Septemba, itawasukuma mgongoni asubuhi mkajiona mabingwa, kisha jioni mkiwa mmechoka itawapiga usoni njia nzima. Kaskazi, kati ya Desemba na Februari au Machi, hufanya kinyume chake: mnafanya kazi wakati miguu ni mipya, na mnarudi mkiwa mnasukumwa. Kwa msafara wa mara ya kwanza mimi huchagua kaskazi bila kusita, ingawa jua lake ni kali. Wenye uzoefu watafurahia Julai na Agosti, hewa ikiwa ya baridi kidogo, ila lazima waweke nguvu akiba ya kurudia. Masika msijaribu.

Jumapili ni bora kwa sababu magari ni machache. Ijumaa iacheni, na mwezi wa Ramadhani vilevile.

Njia, kituo kwa kituo

Kutaneni Forodhani mara baada ya sala ya alfajiri, muondoke saa 12 na nusu. Kabla ya kuondoka gaweni kazi. Mmoja anaongoza mbele, naye awe mtu mwenye baiskeli nzito, siyo kijana mwenye mapaja. Mmoja anafunga nyuma na hamwachi mwenzake yeyote nyuma yake. Wa nyuma akiona gari anaita "Gari!" na neno linapokewa hadi mbele. Wa mbele akiona shimo anaita "Shimo!" na kuonyesha upande. Kengele tatu za haraka maana yake wote simameni. Mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto, na baina yenu kuwe na nafasi ya baiskeli mbili, kwani breki za fito hazisamehe wanaobanana. Mwendo wa kilomita 12 kwa saa unatosha sana.

Kipande cha mjini kupitia Malindi kuelekea Maruhubi ni tambarare, lakini ndicho chenye msongamano. Jihadharini na daladala za 502, zile za Bububu. Zinasimama ghafla mbele yenu na abiria anateremka upande wenu. Msizipite kwa kushoto hata zikichelewa vipi.

Maruhubi, kama kilomita nne kutoka mjini, ni pa kusimama dakika 15 tu. Jumba lililojengwa na Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mapema miaka ya 1880 liliungua mwaka 1899, na nguzo nene zilizokuwa zikibeba roshani bado zimesimama. Tumieni kituo hiki kukagua nati, kwa sababu kinacholegea hulegea katika kilomita za mwanzo. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri ya baba yake, Sayyid Said, alikozaliwa bintiye, Bibi Salme, mwaka 1844. Mkiwa na haraka piteni, mtapaona siku nyingine.

Mnapokwenda Bububu, jueni mnafuata mkondo wa reli. Mwaka 1904 kampuni ya Kimarekani ilianza kujenga reli ndogo kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, kama kilomita 11, nayo ilibeba abiria mpaka ilipofungwa katika miaka ya 1920. Watu husema jina la Bububu limetokana na mlio wa gari moshi. Jina lilikuwepo kabla ya gari moshi, na wengine hulihusisha na chemchemi za hapo, zile ambazo Sayyid Barghash alizivuta maji yake hadi mjini. Kunyweni chai Bububu. Saa moja na nusu hadi saa mbili na robo, chai ya tangawizi na mandazi, na asiye na njaa ale hivyo hivyo, maana kilima kinakuja.

Kutoka Bububu mnakata kulia kuelekea Kidichi, mwinuko wa kilomita tatu nne baina ya minazi na mikarafuu. Baiskeli ya gia moja yenye uzito wa kilo 20 na zaidi haikuumbwa kwa kupandishwa hapa kwa kusimama juu ya pedali. Teremkeni mkokote. Nasema hivi kwa moyo wangu wote kwa sababu nimeona watu wazima wakipinda mikono ya pedali na kuumiza viuno kwa kuona haya ya kushuka. Wazee waliopeleka magunia ya karafuu kwa baiskeli hizi walikokota. Na ukikokota ndipo unapoinusa karafuu iliyoanikwa kwenye majamvi, kama ni msimu, na ndipo unapopata nafasi ya kuwaamkia watu wa nyumba za njiani.

Juu kuna Hamamu ya Kidichi, nyumba ya kuogea iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Sayyid Said kutoka Uajemi. Ingieni mtazame nakshi za ukutani, maua na majani ya Kiajemi yaliyochongwa kwenye chokaa. Kaeni nusu saa.

Kuteremka ndiko kunakotaka akili. Mtu aondoke baada ya mwenzake kufika mbali, breki zote mbili zikiguswa mapema na kwa zamu ili rimu zisipate moto. Asiyeiamini breki yake ashuke kwa miguu, na asiulizwe.

Kutoka Bububu kuelekea Mangapwani, kwa njia inayofuata upande wa pwani kupitia Chuini, ndio utamu wa safari yote. Magari yanapungua, mnaanza kusikia minyororo yenu wenyewe. Wauza machungwa wanakumenyea kwa kisu kwa ustadi usiouona mjini. Watoto watakimbia ubavuni na kuomba kupakiwa kwenye keria. Waamkieni wote, wakubwa kwa shikamoo, lakini msimpakie mtoto wa mtu bila ya ruhusa ya kwao.

Mkifika Mangapwani, karibu saa tano, tafuteni kivuli kwanza. Mkitaka kupumzika uwanjani au karibu na nyumba, ulizeni, na kundi likiwa kubwa mwambieni sheha, kiongozi wa hapo, kwamba mpo. Pango la hapo lina maji baridi chini yake, msiyachafue kwa kuogea. Chumba cha watumwa ni jambo jingine kabisa. Kimechimbwa kwenye mwamba wa pwani, na humo walifichwa watu baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa. Acheni baiskeli mbali, nyamazisheni kengele, ingieni wachache wachache. Si mahali pa kupigia picha za kucheka.

Kuleni, salini adhuhuri, laleni kidogo. Saa tisa mnaanza kurudi moja kwa moja bila ya Kidichi, na saa kumi na moja na nusu mnakuwa mjini, mwanga ungalipo. Taa za dainamo za kizamani hazitoshi kuwaonyesha kwa madereva wa leo.

Mpira ukitoboka njiani

Usitoe gurudumu la nyuma. Kuna fito za breki, kikinga cha mnyororo, stendi na keria. Kuvifungua na kuvirudisha ni nusu saa, na breki haitakaa kama ilivyokuwa. Wala usiipindue baiskeli miguu juu, vishikio vya breki vitapinda. Ilaze ubavu au isimamishe kwenye stendi.

Tafuta mwiba kwa macho, uache palepale kama alama. Toa upepo wote, ingiza vishikio vya vijiko viwili vya chuma, ufungue upande mmoja wa tairi kwa urefu wa shubiri tatu tu, uvute mpira nje. Sasa ng'oa mwiba. Sugua kwa msasa, paka solusheni, na ungoje dakika tano mpaka ikauke na kubakia kunata kidogo. Kutoisubiri ndiko kunakofanya kiraka kibanduke baada ya kilomita moja. Kandamiza kiraka kwa nguvu. Kabla ya kurudisha mpira, pitisha vidole ndani ya tairi taratibu, kwani mwiba wa pili hupenda kubaki. Wakati huo wenzako wanywe maji kivulini, na mtu asiseme kwamba mnachelewa.

Jambo likishindikana kabisa, gari ya shamba yenye keria juu itaipakia baiskeli pamoja na mwenyewe. Mtu mmoja aende naye.

Usiku ule ule

Usilale kabla ya kuipangusa. Hewa ya bahari na chumvi ya jasho hula chuma usiku mmoja. Ifute kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, ikaushe, kisha pitisha kitambaa chenye oili kidogo kwenye fito, spoku na mnyororo. Rimu usiziguse kwa oili hata tone.

Na iliyoazimwa irudishwe kesho yake asubuhi, tairi zikiwa zimejaa upepo, ikiwa safi kuliko ulivyoipokea, na kwenye keria kuwe na mkungu mdogo wa ndizi za Mangapwani. Kaa barazani kwa mzee, umwambie ilivyokwenda, na pale ilipopiga kelele.